Nilikuwa Nauambia Upepo Utulie

Ruaruke, Kibiti
Jumatano, mwezi wa Desemba

Kwako dada yangu Mwanabaraka,

Shikamoo dada. Nakuandikia nikiwa barazani, mvua imepumzika kidogo, na kabla ya neno lingine lolote nataka kujua habari za hayo magoti yako. Unyevu huu wa vuli yameupokeaje? Ile dawa ya kuchua niliyokuletea Idi iliyopita unaitumia, au umeitia kabatini kama ilivyo kawaida yako, ukisubiri uumwe zaidi ndipo uifungue? Shemeji naye kifua kimepoa? Wajukuu wanakwenda chuoni kusoma Kurani? Na huko Mkongo mpunga umeota vizuri, au nguruwe pori wameshaanza kuuonja? Mimi huku ni mzima wa mwili, Alhamdulillahi. Wa moyo nitakueleza, maana ndiyo sababu ya kushika kalamu.

Ujumbe wako nimeupata. Umeniambia nikubali kunyolewa, mambo yaishe, kwa kuwa nywele ni kama majani, yakikatwa yanaota. Tena umeniambia nifunge mizigo nije nikae nawe, chumba kipo. Nimekushukuru, dada, na machozi yalinitoka kwa hilo la chumba. Lakini sikutaka kukujibu kwa simu. Simu yako muda wote iko mikononi mwa wajukuu, na kila anayeishika anaweka sauti kubwa mpaka majirani waitikie. Maneno haya yanataka mtu akae peke yake, ayasome polepole.

Jibu langu ni hapana. Sinyolewi, na sihami. Ila kumwambia mkubwa hapana bila maelezo ni utovu wa adabu, na mama hakutulea hivyo. Kwa hiyo nivumilie nikupe habari yote kuanzia mwanzo, kwa sababu najua uliyoyasikia umeyasikia nusu.

Unakumbuka nilipostaafu ualimu, mwanangu Abdulrazaq aliniletea kutoka Dar ile simu yenye kamera nzuri. Alidhani nitaitumia kutazama mawaidha. Mimi nikaingia nayo msitu wa Nyanjeda. Msitu wenyewe umeuona, ule wa hifadhi ya kijiji, nyuma ya mashamba ya mikorosho. Kiangazi unaungua pembeni, unabaki mweusi, mtu anaupita hana habari nao. Lakini vuli ikinyesha mara mbili tatu, dada, ardhi ile ile iliyoungua inatoa vitu ambavyo hukujua vimelala ndani yake. Lipo ua jekundu la mviringo, nyuzi tupu, linachomoza kabla hata ya jani lake. Ipo tangawizi mwitu, ua lake la rangi ya waridi iliyopauka lina doa la njano kooni, laini kama karatasi iliyolowa, na jua likishapanda linanywea. Yapo na maua meupe, ninayoyaita wale weupe kama watu, yanayoota juu ya matawi bila udongo, yenye mikia mirefu myembamba. Miaka yote niliyofundisha, vitabu vilituchorea maua ya nchi za watu, nami nikawaandikia watoto ubaoni. Haya ya nyuma ya mikorosho sikuwahi kuwaonyesha hata mmoja, kwa kuwa mwenyewe sikuwa nimeyatazama.

Basi nikaanza kuyatazama. Kamati ya maliasili ya kijiji ilinipa ruhusa, maana sing'oi wala sichumi. Nakwenda alfajiri baada ya swala, na gunia langu na mwavuli. Ua dogo halipigwi picha ukiwa umesimama kama askari wa gwaride. Unatandika gunia, unapiga magoti, mara nyingine unalala kifudifudi, unasubiri. Picha za kwanza nilipomtumia Abdulrazaq, aliniuliza nimezitoa kwenye mtandao gani. Nilimwambia nimezitoa Nyanjeda, na akacheka.

Mwaka jana yote yalikwenda kwa amani. Watu walinitania kwamba mwalimu amekosa wanafunzi sasa anafundisha majani. Mwaka huu, mvua ziliponyesha tu, niliona utani umekwisha. Kisimani wanawake walikuwa wakiniona wanasogea pembeni, wananiachia kamba, wananisubiri niondoke ndipo wateke. Nilipika wali wa nazi nikapeleka msibani kwa watu wa jirani, na sufuria langu likarudi kama lilivyokwenda, mfuniko haukufunuliwa. Nilikaa nalo jikoni nikalitazama. Kisha nikala, kwa sababu chakula si cha kutupwa.

Nilimuuliza Rukaiya, jirani yangu wa mlango kwa mlango, kuna nini. Yeye nilimfundisha darasa la kwanza mpaka la tatu, na mwanawe Khamisi ndiye aliyekuwa akija kwangu kila jioni kutazama picha. Alisema tu, akitazama chini, kwamba Khamisi hatakuja tena. Nilipombana, akasema watu wanasema nimeonekana msituni nimepiga magoti nazungumza na maua kwa majina.

Wiki ile Khamisi akashikwa na homa, na homa ikapanda mpaka degedege. Nilisikia vilio, nikakimbia pale. Mtoto alikuwa amekaza viungo mikononi mwa bibi yake, macho yamegeuka. Nilisema awahishwe zahanati, nikanyoosha mkono nimguse paji. Yule bibi alinisukuma kwa kiwiko na kuniambia mbele ya watu, "Toa mkono wako. Umekwisha mla, unataka nini tena?" Nikarudi nyuma. Baba yake mtoto akampakia kwenye pikipiki, wakaenda zahanati, akakutwa na malaria kali, akachomwa sindano, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu akapona.

Mimi nilifurahi, nikadhani sasa wataona. Dada, hata kupona kwake kuligeuzwa ushahidi. Wakasema nimeogopa baada ya kutajwa, ndiyo maana nimemwachia. Angekufa nimemuua, na alipopona nimemwachia. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa nimewekwa mahali pasipo na mlango wa kutokea. Asubuhi moja nikafungua nyumba nikakuta kuku wangu wote wamechinjwa, wamepangwa kizingitini vichwa vikinielekea. Niliwafukia, nikafagia, nikaenda Nyanjeda. Najua utasema ni ukaidi. Lakini ningekaa ndani siku ile, nisingetoka tena.

Kisha akaja yule fundi wa kunyoa kutoka ng'ambo ya mto. Ananyoa kichwa, anakupaka dawa kwenye chale, anakunywesha, na uchawi wako unakuwa umekufa. Mwenyekiti wetu, Mzee Mshamu, hakulisema jambo hilo ofisini kwake, maana anajua serikali hairuhusu. Alinifuata nyumbani, akakataa kiti, akasema akiwa amesimama, "Mwalimu, wewe ni mtu mzima. Kubali unyolewe, yaishe, tulale." Nilimuuliza kama yeye anaamini. Akasema yeye haamini, ila watu wanaamini, na yeye ni mwenyekiti wa watu. Ndiyo siku hizo hizo wewe ulipopigiwa simu na kuelezwa kwamba mdogo wako amechanganyikiwa, na ukanitumia ule ujumbe.

Mkutano wa kijiji uliofuata ulikuwa wa mambo ya mbegu, lakini nilijua hautaishia kwenye mbegu. Mtu mmoja wa nyuma alilitaja jambo langu, na wote wakageuka kunitazama. Nikasimama. Niliwaambia kwamba nusu ya waliokaa pale niliwashika mkono wakaandika herufi ya kwanza. Nikawaambia kunyolewa ni kukiri, na mimi sina la kukiri. Tena nikawaambia: mimi nina mtoto mjini wa kunisemea. Mkishaninyoa mimi, kesho mtamnyoa nani? Mtamnyoa bibi asiye na mtu. Kisha nikasema, "Kesho asubuhi nakwenda Nyanjeda kama kawaida yangu. Anayetaka kujua ninachofanya asiulize barabarani. Aje aone."

Mmoja akapiga kelele kwamba nitawaloga njiani. Wakacheka, lakini kilikuwa kicheko cha watu wenye hofu. Nikakaa.

Asubuhi nilitoka nikijua nitakuwa peke yangu. Kwenye mikorosho ya mwisho nikamkuta Rukaiya amesimama, amejifunga kanga kiunoni, panga mkononi. Mkwewe alikuwa amemkataza, akatoka kwa mlango wa nyuma. Hakunisalimia. Alisema, "Nimekuja kukuona kwa macho yangu." Nikamwambia karibu. Tukaenda, mimi mbele, yeye nyuma. Hakutaka mimi nitembee nyuma yake, na sikumlaumu.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na msitu ulikuwa unadondoka matone. Chini ya kichaka nikaona tangawizi mwitu imefungua maua mawili, safi kabisa, hata chungu alikuwa bado hajapita juu yake. Nikatandika gunia, nikapiga magoti, nikatoa simu. Upepo ukawa unakuja na kuondoka. Nilisubiri, nikasogeza, nikasubiri tena. Nyuma yangu nikasikia sauti ya Rukaiya, ndogo sana.

"Mwalimu, unaliambia nini?"

"Nini?"

"Hilo ua. Nimekusikia. Ndivyo wanavyosema, kwamba unaongea nayo."

Dada, nilikaa kitako juu ya gunia. Kumbe! Nikamwambia, "Siliambii ua kitu. Nauambia upepo. Ua likitikisika picha inatoka ukungu, basi nauambia upepo tulia, tulia mama, kidogo tu. Ni ujinga wa kuzoea kukaa peke yangu."

Rukaiya alinitazama usoni, akatafuta kitu pale asikikute. Kisha akaanza kucheka, akajiziba mdomo kwa ushungi, na kicheko kikamponyoka, mpaka nami nikacheka. Akaliweka panga kwenye nyasi. Bila kuambiwa, akachukua mwavuli wangu, akaufungua upande upepo unakotoka, akachuchumaa. Ua likatulia. Nikapata picha ambayo sijawahi kupata mfano wake, hata unyevu unaonekana kwenye lile doa la njano.

Nikampa simu apige na yeye. Ya kwanza kilitoka kidole chake. Ya pili ilitoka sawa, na alikaa akiitazama mpaka kioo kikazimika. Akaniambia kwamba tangu Khamisi augue hajatazama kitu kingine chochote zaidi ya kifua cha mtoto, kuona kama kinapanda na kushuka. Akaniambia pia kwamba yule bibi aliyenisukuma hakunisukuma peke yake. "Hata mimi niliamini, mwalimu. Niliamini kabisa." Nikamwambia mama mwenye mtoto aliyekaza viungo anaamini chochote. Sikusema ili kumfariji tu. Ni kweli.

Nikataka kumwonyesha wale weupe wa juu ya mti, maana huu ndio wakati wao. Wanaota kwenye mtondoro mmoja mkubwa upande wa bondeni, na njia yake ni ndefu. Kabla hatujafika nikasikia harufu ya moshi. Rukaiya akaongeza hatua, akawa mbele yangu safari hii. Tulipotoka kwenye vichaka, nikaona anga mahali ambapo hapakuwa na anga. Mtondoro ulikuwa chini. Na mingine ilikuwa chini, visiki vyake bado vinatoa maji, na katikati limejengwa tanuru la mkaa, limefunikwa udongo na nyasi, linafuka. Kando ya tanuru alikuwa ameinama mtu, kifua wazi, anapiga udongo kwa koleo. Akageuka.

Jumapili

Dada, niliacha barua hapo Jumatano. Si kwamba mvua ilirudi. Neno lililofuata lilikuwa jina la mtu, na nilikuwa nimempa mtu huyo nafasi alitaje mwenyewe kwanza, mbele za watu. Kwa hiyo niliikunja karatasi nikaiweka. Leo naweza kuendelea.

Shika moyo. Yule mtu alikuwa Sadala wako.

Nimeandika kwa haraka ili limalizike. Ni Sadala, mwanao, uliyenikabidhi mwenyewe alipohamia huku mwaka ule mafuriko yalipomchukulia shamba. Anakula kwangu siku za Ijumaa. Ndiye aliyekupigia simu ukaambiwa nimechanganyikiwa.

Aliponiona, koleo likamwanguka. Nilitazama ule mti uliolala. Kwenye tawi lake, karibu na ardhi, wale weupe walikuwa bado wamechanua, mikia yao inagusa majivu. Hawakuwa na habari kwamba mti umekufa. Nikapiga magoti nikawapiga picha. Sadala akadhani nampiga picha yeye, akajifunika uso kwa mikono miwili kama mtoto.

Rukaiya ndiye aliyemjia juu. Alimuuliza kama ndiye aliyesema nazungumza na maua, maana nani mwingine angekuwa huku akaniona. Na Sadala akakiri, wala hakujaribu kukana. Kwamba mwanzoni mwa mvua, watu wa kamati walimkuta akitoka msituni wakamuuliza alikuwa wapi. Akashikwa na hofu, akatafuta la kusema, na asubuhi ile alikuwa ameniona kwa mbali. "Mamdogo, sikutaja uchawi. Wallahi sikutaja. Nilisema nimemwona mamdogo amepiga magoti anaongea peke yake na maua, nikaogopa, nikakimbia. Wakaniacha nikapita. Basi. Wengine wakatia chumvi." Nilimuuliza, na Khamisi alipougua? Na kuku wangu? Na nilipokuwa nimesimama mkutanoni, wewe ulikaa wapi? Akasema alikaa nyuma. Akasema kila siku alitaka kulirudisha neno, na kila siku lilikuwa limekuwa zito kuliko jana. Kuku hakuwachinja yeye, hilo aliapa, nami namsadiki. Ila alijua nikinyolewa nitaona haya kutoka, na nisipotoka hakuna atakayefika bondeni kule.

Alilia, dada. Na mimi niliona mama alivyokuwa akimbeba, nikaona na wewe ulivyonipa akiwa bado mchanga nimshike wakati unaoga. Nilitaka nimwambie zima tanuru, nenda nyumbani, yameisha. Neno hilo lilifika hapa kooni. Nikalirudisha. Ningelisema, ningekuwa nimewanyoa wanawake wote wa kijiji hiki kwa mkono wangu.

Nilimwambia hivi: Ijumaa baada ya swala watu watakuwa wamekusanyika. Utasimama useme yote mawili, miti na maneno. Usiposimama nitasimama mimi, na nitasema, na wewe ni mwanangu, na bado nitasema. Rukaiya akasema yeye hawezi kungoja Ijumaa. Nilimwomba. Akasema atangoja kwa ajili yangu, si kwa ajili yake.

Siku zile hakupita kwangu. Sikumfuata.

Ijumaa watu walitoka msikitini wakakaa mbele ya ofisi ya kijiji, na yule fundi wa kunyoa alikuwepo, mkoba wake mapajani. Sikumwona Sadala. Mzee Mshamu akafungua kikao, akaanza kulizungukia jambo langu. Nilikuwa nimeshaweka mkono chini ninyanyuke, ndipo nikamwona Sadala anakuja kutoka barabarani, amevaa kanzu, ameshika viatu mkononi kwa sababu ya tope. Alipita katikati ya watu akasimama. Kisha akasema, "Mama yangu mdogo si mchawi. Mimi ndiye mwongo. Na ndiye ninayechoma mkaa Nyanjeda." Akaeleza yote, hakuacha kitu, hata lile la kukaa nyuma mkutanoni.

Hapakuwa na ukimya, kulikuwa na kelele. Wapo waliotaka kumpiga. Mzee Mshamu aliwazuia kwa mwili wake, na kwa hilo nimemsamehe lile la kukataa kiti changu. Rukaiya akainuka upande wa wanawake, akiwa na Khamisi mgongoni, akaja akatandika mkeka wake karibu na wangu, akakaa. Baada yake wakaja wawili watatu. Yule fundi nilipomtafuta kwa macho alikuwa ameshafunga mkoba, ameondoka.

Usidhani yamekwisha. Kuna wanaosema Sadala naye nimemloga ndiyo maana amekiri. Bibi yake Khamisi mpaka leo hanijibu salamu, nitaendelea kumsalimia. Kamati imemwamuru Sadala abomoe tanuru, aoteshe miche pale alipokata, na aingie doria ya msitu mpaka masika yaishe. Habari imepelekwa pia kwa afisa misitu wa wilaya, na huko sijui wataamua nini. Sikumwombea asamehewe. Nimeomba tu niwepo siku atakayoitwa.

Jana mimi na yeye tulikwenda bondeni. Tuliwatoa wale weupe kwenye mti uliokufa, taratibu, na mizizi yao, tukawafunga kwa vipande vya kanga kuukuu kwenye mtondoro mwingine ulio hai. Sijui kama watashika. Rukaiya alikuja, na wanawake wengine wanne, mmoja wao na simu ya mumewe, na walipiga picha mpaka chaji ikaisha. Jumamosi ijayo tutakwenda tena. Nitakwenda na nywele zangu zote kichwani, pamoja na mvi zake.

Sasa, dada, nimefika kwenye ombi. Sadala hakuiogopa kamati kama anavyokuogopa wewe. Nilitaka barua hii nimpe mtu anayekuja huko Mkongo, ufikiwe na habari kwanza, upoe, ndipo yeye aje. Amekataa. Amesema kama ameweza kusimama mbele ya kijiji, hawezi kumtuma mtu mwingine kwa mama yake. Kamati imempa ruhusa aje na kurudi. Yaliyomo humu anayajua yote, nimemsomea. Kasema nisifute hata neno.

Mkasirikie, una haki. Mimi nimemkasirikia na bado nimemkasirikia. Ila usimfukuze, kwa sababu aliyoyafanya Ijumaa hayakuwa madogo, na anaporudi huku nataka arudi ameshaonana na wewe.

Nisalimie shemeji kwa heshima nyingi, wabusu wajukuu vichwani, wape majirani salamu zangu, na mwambie yeyote atakayeuliza kwamba Zabibu yupo kwake, hajahama. Mungu akupe nguvu ya magoti na akutunze.

Sasa weka barua hii chini, dada, na umtazame. Najua hujamkaribisha kukaa.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Zabibu binti Mohamedi